Naomba ushauri: ruta ndogo ya safari inayokubali OpenWrt
Wakuu, natafuta ruta ndogo ya kubeba safarini ambayo naweza kuiwekea OpenWrt rasmi (mfumo endeshi huria wa ruta), si ile iliyorekebishwa na mtengenezaji. Nataka nikifika hotelini niiunganishe na Wi-Fi yao mara moja, kisha simu na laptopu zote zipitie humo kwa WireGuard (aina ya VPN, yaani njia ya siri ya intaneti).

Nimeangalia GL.iNet Mango. Ni ndogo kweli, ila hifadhi ni MB 16 tu na mawimbi ni ya GHz 2.4 pekee, ukiongeza programu mbili tatu imejaa. Beryl AX, ya GL.iNet pia, ina MB 256 na Wi-Fi 6, na moyo wangu uko huko.

Aliyeitumia anisaidie: pawabenki ya kawaida inaimudu? Na ikipokea Wi-Fi huku inagawa, inatulia au inakatakata?