Machi 2024 umeme ulizidi nchini mpaka mitambo ikazimwa, Kasulu mashine ya kusaga haizunguki. Hii ni akili gani?

Wakuu, leo (Aprili 2024) naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Mwezi uliopita, Machi 2024, tumetangaziwa kwamba umeme umezidi. Mvua zimejaza mabwawa, Bwawa la Nyerere kule Rufiji limeanza kuzalisha (mtambo mmoja tu pale ni megawati 235), basi vituo vitano vya umeme wa maji vikazimwa kwa kuwa umeme hauna pa kwenda. Hauna pa kwenda! Njooni Kasulu, huku Kigoma. Jioni taa zinakuwa nyekundu kama vibatari, friji linaunguruma tu bila kugandisha, na mashine yangu ya kusaga haibebi mzigo. Mota imeshaungua: inatumia nyaya tatu za umeme, yaani fezi tatu; moja ilikatika, zikabaki mbili, kabla sijafika kwenye swichi moshi umeshatoka. Fundi kaisuka upya kwa hela yangu. Ofisini kwa TANESCO najibiwa ninunue stabilaiza, kifaa cha kusawazisha volti. Ya mota ya fezi tatu mnaijua bei yake?

2022 tulipoingizwa gridi ya Taifa na majenereta ya dizeli kuzimwa, tulishangilia. Kumbe umeme wenyewe unakuja kwa laini ya kilovoti 33 kutoka Nyakanazi, zaidi ya kilomita 150, tena njiani unahudumia Kakonko na Kibondo. Huo ni msongo (volti) wa kusambazia, si wa kusafirishia umeme umbali wote huo. Laini ikirefuka na watu wakiwasha, volti zinadondoka njiani, sisi wa mwisho tunapata makombo. Hata wakiwasha mitambo yote tisa kule Rufiji, hapa hakibadiliki kitu.

Kinachoniuma zaidi, dawa iko mkoani kwetu. Mradi wa Malagarasi, maporomoko ya Igamba, megawati 49.5; Benki ya Maendeleo ya Afrika ilipitisha mkopo tangu 2020, hadi leo, Aprili 2024, hakuna taa iliyowaka kwa umeme wake. Umeme ukizalishwa huku mwisho wa laini, volti zinapanda huku huku.

Na jua je? Kishapu kule Shinyanga wanajengewa megawati 150 za sola, awamu ya kwanza 50. Siwaonei wivu (nawaonea kidogo). Sisi hata megawati 5 jirani na Kasulu zingebeba mashine zetu mchana, saa zile zile tunazosaga. Najua wataalamu wa humu mtakuja na hoja ya wingu: likipita, sola inashuka na gridi inayumba. Ni kweli, ndiyo maana inafungwa na betri, na inveta (vifaa vinavyogeuza umeme wa sola uingie kwenye gridi) za siku hizi zinasaidia kushikilia volti. Ila msiniambie sola itaiyumbisha laini ambayo inayumba yenyewe kila siku.

Aliye karibu na wakubwa wa nishati aniulizie ile laini ya kilovoti 400 ya Nyakanazi hadi Kigoma inawashwa lini. Na ninyi wa Kibondo na Buhigwe, kwenu saa moja jioni mnapata volti ngapi? Kwangu fundi kapima 160.