Je, watengenezaji wa magari walazimishwe kisheria kuhakikisha vipuri vinapatikana kwa miaka 15?

Hoja ninayoiweka mezani ni hii: sheria imtake mtengenezaji wa gari ahakikishe kwamba vipuri vya kila toleo alilouza vinapatikana kwa muda usiopungua miaka 15 tangu gari la mwisho la toleo hilo litoke kiwandani, na akishindwa, aachie michoro na programu zake ili wengine wavitengeneze. Naiunga mkono hoja hii, ingawa wanaoipinga wana maneno mazito ambayo hayafai kupuuzwa.

Uhaba wa vipuri huonekana kwanza gereji. Gari linaingia likiwa na taa ya ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu kujifunga breki zinapokanyagwa ghafla, inayowaka kwenye dashibodi. Fundi analipima, anagundua kwamba moduli ya ABS, kifaa cha kielektroniki kinachouongoza mfumo huo, imekufa, anaifungua na kuziba midomo ya mabomba ili vumbi na unyevu visiingie kwenye mafuta ya breki. Anaagiza moduli nyingine na kujibiwa kwamba haipo, wala tarehe ya kufika haijulikani. Kuanzia hapo gari halina breki, haliwezi kurudishwa kwa mwenyewe, na linakalia nafasi ambayo magari mengine yangehudumiwa. Fundi halipwi kwa kuwa kazi haijaisha, na mwenye gari anaendelea kulipia mkopo na bima za chombo asichokitumia, huku akitafuta nauli ya kila siku. Ikiwa gari liliharibika katika ajali, kampuni ya bima nayo inapiga hesabu: gharama za kungoja zikizidi kiasi, gari ambalo lingetengenezeka linatangazwa kuwa hasara kamili na kupelekwa kukatwa spea. Gari zima limekufa kwa kukosa kifaa kimoja.

Zamani spea ya mtumba iliwaokoa wengi katika hali kama hiyo, na hadi leo ukihitaji mlango, bampa au giaboksi ya kawaida bado utaokolewa. Vifaa vya kielektroniki ni jambo jingine. Moduli nyingi za kisasa husajiliwa kwa namba ya chasisi ya gari zilikotoka, kwa hiyo fundi anaweza kuipata nzima kabisa, akaifunga vizuri, na gari likaikataa mpaka iandikwe upya kwa programu ya mtengenezaji. Ndiyo maana jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilitunga mwaka 2012 sheria ya haki ya kutengeneza, inayowapa wenye magari na mafundi wa nje taarifa za matengenezo za mtengenezaji, na mwaka 2020 wapigakura wapatao robo tatu wakakubali iongezwe ihusu pia data ambazo gari hurusha bila waya. Sheria ya vipuri isiyogusa programu itakuwa nusu ya sheria.

Wanaopinga husema uhaba huletwa na majanga, na kwamba hakuna bunge linaloweza kuyazuia kwa kupiga kura. Wanataja mwaka 2021, na ni kweli kwamba mwezi Machi mwaka huo moto uliunguza sehemu ya kiwanda cha chipu cha Renesas huko Naka, Japani, wakati dunia tayari ilikuwa na njaa ya chipu. Lakini njaa hiyo ilianza kabla ya moto. Mwanzoni mwa janga la korona watengenezaji wa magari walifuta oda zao za chipu wakitarajia mauzo kuanguka, viwanda vikaelekeza nafasi hiyo kwenye kompyuta na simu, na wateja waliporudi kununua magari mapema kuliko ilivyodhaniwa, kampuni za magari zikajikuta mwisho wa foleni. Wala halikuwa somo geni. Februari 1997, moto katika kiwanda cha Aisin huko Kariya ulisimamisha karibu uzalishaji wote wa Toyota nchini Japani, kwa sababu ya vali ndogo ya breki ambayo akiba yake ilihesabiwa kwa saa. Kuweka akiba ndogo ni uamuzi wa kibiashara wenye faida, na faida hiyo anaipata aliyeuamua, ilhali hasara ya kungoja inamwangukia aliyenunua gari.

Katika soko la magari yaliyotumika, uhaba hufanya kazi mbili zinazopingana, na naona wachangiaji wengi huitaja moja tu. Magari mapya yanapokosekana, ya mkononi hupanda bei yote kwa pamoja: Juni 2021 takwimu rasmi za Marekani zilionyesha kwamba bei za magari na malori madogo yaliyotumika zilikuwa juu kwa asilimia 45.2 kuliko mwaka mmoja kabla. Watu nao hung’ang’ania walichonacho. Wastani wa umri wa magari yaliyo barabarani nchini humo ulifika miaka 12.1 mwaka 2021 na 12.6 mwaka 2024, na magari yanayozeeka yanahitaji vipuri zaidi. Hata hivyo, kipuri cha toleo fulani kikiadimika, gari la toleo hilo huporomoka bei hata kama injini yake ni salama, kwa sababu swali la kwanza la mnunuzi mwenye akili ni kama spea zake zinapatikana. Saab, kampuni ya magari ya Uswidi, ilifilisika Desemba 2011, lakini kampuni yake ya vipuri ilibaki hai, ikachukuliwa na serikali ya Uswidi, na wenye magari hayo wakaendelea kuyatunza. Fisker, kampuni ya magari ya umeme ya Marekani, ilipoomba ulinzi wa kufilisika Juni 2024, wamiliki wa gari la umeme la Ocean walibaki wakihangaikia vipuri na programu wao wenyewe. Thamani ya gari la mkononi, kwa sehemu kubwa, ni ahadi kwamba litatengenezeka.

Suala la usalama ndilo linaloniumiza zaidi. Magari yenye mifuko ya hewa ya kampuni ya Kijapani ya Takata yalipoitwa kwa mamilioni ili mifuko hiyo ibadilishwe, vifaa vya kubadilishia havikutosha, na kuna wamiliki waliongoja muda mrefu wakiendesha magari yenye kasoro inayojulikana kuwa inaweza kuua. Sheria ya shirikisho ya Marekani inakataza kuuza gari jipya lenye kasoro ya aina hiyo kabla halijarekebishwa, lakini haimzuii mfanyabiashara kuliuza likiwa limeshatumika. Sheria hiyo hiyo humtaka mtengenezaji arekebishe kasoro ya usalama bure kwa miaka 15 tangu gari linunuliwe mara ya kwanza, na hapo ndipo nilipoitoa ile idadi ya miaka. Kwa vipuri vya kawaida hakuna muda kama huo katika sheria ya shirikisho, ingawa wengi huamini upo.

Wapinzani husema pia kwamba kuwaachia wengine michoro kutaleta vipuri feki, na kwamba kuhifadhi vipuri kwa miaka 15 ni gharama kubwa ya maghala. Hoja ya vipuri feki naikubali kwa upande wa breki na usukani, ambako kila mtengenezaji mbadala anapaswa kupimwa kabla ya kuuza. Kwa bampa na taa, Umoja wa Ulaya ulikwisha kuamua mwaka 2024 kwamba ulinzi wa umbo la kipuri kinachoonekana, yaani haki ya mtengenezaji ya kuzuia umbo lake lisiigwe, usimzuie mwingine kukitengeneza kwa ajili ya matengenezo, ingawa kwa maumbo yaliyosajiliwa zamani umetoa kipindi cha mpito cha miaka 8. Hoja ya gharama za maghala inapungua nguvu pale mtengenezaji anapopewa hiari ya kuachia michoro badala ya kujaza ghala.

Hoja ninayoiona ngumu kweli ni ya kampuni inayofilisika, kwa kuwa sheria haiwezi kumdai asiyekuwepo. Pendekezo langu ni kwamba kila gari jipya linapouzwa, kiasi fulani kiwekwe kwenye mfuko usioguswa na wadai wengine, na michoro na programu zikabidhiwe kwa mdhamini mapema, kampuni ikiwa bado hai. Wanaofahamu sheria za ufilisi watueleze kama wadai wenye dhamana wanaweza kuuvunja mpangilio huo mahakamani, kwa sababu wakiweza, kipengele hiki kitahitaji kuandikwa upya.