Mafundi betri Mtwara, acheni kutuuzia "kodingi" kwenye gari zisizoihitaji!

Wakuu, naandika nikiwa bado na hasira, na sitaomba radhi. Kodingi ni kuiandikia kompyuta ya gari (kontroli boksi) aina na ukubwa wa betri iliyofungwa.

Jumanne iliyopita Toyota IST yangu iligoma kuwaka hapa Ligula. Ukizungusha ufunguo inatoa tik tik tik, taa za dashibodi zinafifia. Betri ilikuwa na miaka mitatu, na kwa joto letu hili la pwani hiyo ilishakula chumvi ya kutosha. Sikulalamika. Jirani akaniboostia, nikaenda duka moja la betri mjini.

Betri shilingi 170,000. Sawa. Fundi akafungua ya zamani, akafunga mpya, akawasha. Redio ikaleta maandishi ya Kijapani inadai namba, na injini ikawa inapanda na kushuka gari ikiwa imesimama. Akanigeukia: "Bosi, umeona? Gari imeikataa betri. Hizi za kisasa lazima zifanyiwe kodingi, la sivyo kontroli boksi inaungua." Shilingi 120,000 nyingine! Mama yangu yuko kiti cha nyuma, anasubiriwa Ndanda kliniki. Ningefanya nini? Nikalipa.

Akachomeka kidude chini ya usukani, akabonyeza bonyeza dakika mbili, akasema tayari. Redio bado imejifunga. Injini bado inapanda na kushuka. "Itatulia ukitembea." Ikatulia kweli, hata Mikindani sijafika.

Sasa nisikilizeni, maana nimetumia siku nne kuuliza watu wanaojua kazi hii. IST haina kitu chochote cha kusajili betri, yaani kuijulisha kompyuta kwamba betri ni mpya. Hakuna sensa kwenye waya wa betri, hakuna kompyuta inayohesabu umri wake. Unafunga, unakaza vichwa, unaondoka. Injini ilipanda na kushuka kwa sababu umeme ulipokatika kompyuta ilisahau vipimo vya hewa ilivyojifunza, na hujifunza tena yenyewe ukiiacha ingurume kidogo au ukitembea. Redio nayo ni ulinzi wake yenyewe dhidi ya wizi: baadhi ya redio hizi za Japani zikikatiwa umeme zinadai namba ya siri. Namba hiyo ni ya redio peke yake. Haihusiani na betri wala kontroli boksi. Fundi makini angeunganisha umeme wa akiba kabla ya kufungua betri, na redio isingejifunga kabisa. Huyu aliifunga mwenyewe, kisha akanionyesha kama ushahidi!

Na kidude chake? Kilikuwa kile cha kusomea hitilafu tu. Hakiandiki kodingi ndani ya gari.

Lakini kinachoniuma kuliko hiyo 120,000 ni habari ya shemeji yangu wa Lindi. Yeye ana BMW ya 2010, betri iko kwenye buti. Mwezi wa pili alinunua betri duka hilohilo. Akauliza kwa adabu kama kuna kusajili. Akajibiwa, "Betri ni betri, kaka." Yeye ndiye alistahili kuambiwa ukweli! Gari yake ina sensa kwenye waya wa hasi, inapima umeme unaoingia na kutoka, na kompyuta inachaji kulingana na umri wa betri inayoijua. Usipoiambia kwamba betri ni mpya, inaendelea kuichaji kama ile iliyochoka. Tena waliibadilisha kutoka AGM (betri ambayo asidi yake imenyonywa kwenye nyuzi za kioo) kwenda betri ya kawaida yenye Ah (kiasi cha umeme inachobeba) pungufu. Hapo kusajili peke yake hakutoshi, kodingi yenyewe inabidi ibadilishwe ili kompyuta ijue aina na ukubwa. Betri imekufa ndani ya miezi minane. Alipoirudisha akaambiwa garantii haihusiki kwa sababu "altaneta yako inachaji vibaya."

Yaani asiyehitaji anatozwa, anayehitaji anaambiwa ni upuuzi. Huo si ukosefu wa elimu, wakuu. Mtu anayeijua kodingi kwa jina na bei anajua gari ipi inaitaka. Na huu ni msimu wa malipo ya korosho, watu wananunua magari yao ya kwanza. Hao ndio watakaokamuliwa.

Nimeangalia risiti jana usiku. Imeandikwa "betri 290,000". Neno kodingi halimo.

Jumatatu asubuhi narudi pale na risiti yangu na picha ya bei iliyobandikwa ukutani kwao. Kama nawe umetozwa kodingi Mtwara, Lindi au Masasi, weka hapa aina ya gari, mwaka wake na kiasi ulicholipa, nisiende na kisa kimoja. Na kama kuna fundi huku kusini mwenye mashine ya kweli ya BMW, ataje bei hapahapa. Shemeji hawezi kuendesha zaidi ya kilomita 400 hadi Dar kwa kazi ya dakika kumi.