Mrejesho: klachi ya Land Rover ya zamani

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliwauliza kama klachi ya Land Rover yangu ya mwaka 1982, iliyokuwa ikiteleza mlimani na kutoa harufu ya kuungua, ingeweza kutengenezwa bila kununua seti nzima. Imewezekana. Fundi aliposhusha giaboksi, tulikuta sahani ya klachi imelowa oili iliyovuja kwenye sili (mpira wa kuzuia oili) ya nyuma ya injini, na vichwa vya ribiti zinazoshika laini yake (utando wa msuguano) vimebakiza unene wa kucha kabla ya kukwaruza flaiwili, gurudumu zito la injini ambalo sahani hugandamia. Tulibadilisha sili kwanza, kisha sahani ikagongwa laini mpya kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Beringi ya klachi nilinunua mpya, kwani kushusha giaboksi mara mbili ni adhabu ya kujitakia. Juzi gari ilipanda mlima Kitonga na mzigo bila kuteleza, ingawa pedali bado ni nzito.