Darasa la pili: 52 − 27, wanaandika 35

Swali: Habari walimu. Kutoa kwa kukopa kumefundishwa ubaoni, lakini wengi bado wanapata 35 badala ya 25. Nianzie wapi?

Jibu: Mwalimu, anza na vijiti. Mtoto apange 52: mafungu 5 ya kumi kumi yaliyofungwa uzi, na vijiti 2. Atoe 7. Havitoshi, basi afungue fungu moja: mafungu 4, vijiti 12. Hapo ahesabu vyote tena aone bado ni 52. Hatua hii usiiruke kabisa! Kisha 12 − 7 = 5, na 4 − 2 = 2.

Jibu: Sawa, na kila akifungua fungu akate tarakimu 5 ya 52 daftarini papo hapo, aandike 4 juu yake. Ila 35 inaficha makosa mawili: kugeuza mamoja (7 − 2 badala ya 2 − 7), au kukopa bila kupunguza makumi (12 − 7, kisha 5 − 2). Wape 53 − 27. Aliyegeuza atapata 34, aliyesahau kupunguza 36. Jibu ni 26. Wa kwanza arudi kwenye vijiti, wa pili anahitaji mazoezi ya kuandika.

Muulizaji: Asanteni sana. Na 403 − 168?

Jibu: Fungua mia kwanza: mamia 3, makumi 10. Kisha kumi moja: makumi 9, mamoja 13. Jibu 235.