Wauza wagoni za Japani, acheni kuficha kutu kwa rangi nyeusi. Kigoma tumechoka

Wakuu,

Gari za wagoni zilizotumika Japani, kama Fielder, Probox, Succeed, Wingroad na Legacy, zinashushwa huku Kigoma zikiwa zimepulizwa rangi nyeusi chini, bampa hadi bampa, mpaka kwenye nati na ekzosi. Mnunuzi anaambiwa "chini iko safi, imepigwa dawa". Uongo mtupu. Fundi anayepiga dawa kweli hapaki rangi juu ya nati na ekzosi. Anayepaka hivyo anaficha kutu ya chumvi ya barabarani kutoka mikoa ya theluji ya Japani kama Hokkaido, Aomori, Akita au Niigata, na muuzaji anaijua vizuri.

Bati likianza kutoboka mvua zikija, jibu lao ni lile lile: "huo ni unyevu wa ziwa". Tanganyika ni ziwa la maji baridi jamani! Upepo wake haubebi chumvi. Chumvi imekuja na gari.

Kule wakati wa theluji barabara humwagiwa chumvi ya kawaida na kalsiamu kloridi ili barafu iyeyuke. Tangu Japani ilipotunga sheria ya kuzuia matairi ya misumari mwaka 1990, barabara za theluji zinategemea chumvi hizo zaidi. Maji yake hupenya kwenye mishono ya bati na ndani ya mbavu zilizo chini ya milango, yakakauka humo. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji hewani unyevu ukifika kama asilimia 75, kalsiamu kloridi hata kwenye asilimia 30 na kidogo. Ndiyo maana Juni hadi Septemba gari linaonekana limetulia, halafu mvua za Oktoba zikianza kutu inaamka upya. Ongeza tope jekundu la barabara za vijijini linaloganda ndani ya madigadi na kukaa na maji siku nzima. Ile rangi nyeusi nayo ikikauka inapasuka nyufa nyembamba, maji yanaingia na hayatoki. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo inainua rangi taratibu huku juu pakionekana pazima.

Kabla ya kulipa, pandisha gari kwenye shimo la gereji na uwe na nyundo ndogo, bisibisi bapa na tochi. Gonga mbavu za chini ya milango, hasa sehemu za kupigia jeki. Bati zima hulia kwa sauti kali. Lililooza hutoa sauti iliyokufa, na bisibisi ikisukumwa kwa mkono inazama. Kwangua weusi kwenye ukingo wa ndani wa madigadi ya nyuma: ukitoka kama ganda lenye magamba ya kahawia upande wa chini, umeshapata jibu. Muuzaji akikataa bisibisi, ondoka.

Fungua zulia la buti, toa tairi la spea, angalia mshono wa lile beseni lake. Angalia ukingo wa chini wa mlango wa buti, halafu pale shokapu za nyuma zinaposhikwa na bodi kwa juu. Kwenye Subaru usisahau bomba la kujazia mafuta, liko nyuma ya kifuniko cha plastiki kwenye gurudumu la nyuma kulia. Tope lenye chumvi hujikusanya humo, bomba likaliwa, ukijaza tangi unasikia harufu ya petroli. Krosimemba ya nyuma, kile chuma cha kukingama kinachoshika miguu ya nyuma, nayo huoza kuanzia ndani.

Kuna kitu wapulizaji wengi hawakifikii: aluminiamu. Tazama nyuma ya alteneta na pembe za gamba la giaboksi. Ukiona unga mweupe na vishimo vidogo vidogo, hilo gari limeogeshwa chumvi. Matairi yenye neno STUDLESS ubavuni ni ya theluji. Na hiyo 4WD mnayoiongezea hela, ndiyo inayopendwa kwenye mikoa ya theluji, kwa hiyo ikague mara mbili.

Dai karatasi ya mnada, yaani ripoti ya mkaguzi wa mnada wa Japani, nzima, isiyokatwa. Kwenye mchoro wa gari S ni kutu, C ni bati lililokwishaliwa. Ukiona サビ kwenye maelezo ya mkaguzi, hiyo ni kutu. Gredi 4, alama nzuri ya jumla ya gari, haikuhakikishii chini.

Kama umeshanunua, usipake oili chafu. Ina asidi na uchafu wa injini, inaharibu bushi na mipira, na mvua inaipeleka ziwani. Anza na maji yasiyo na chumvi: zibua matundu ya kutolea maji chini ya milango na mbavu, ingiza mpira wa maji humo mpaka yatoke meupe, rudia kesho yake, kisha anika juani siku mbili au tatu. Kwangua weusi wote uliolegea, piga brashi ya waya kwa grainda hadi chuma king'ae. Dawa yenye asidi ya fosforiki ni kwa kutu nyembamba iliyoshika tu. Kwenye magamba ni kupoteza hela. Ikikauka, praima ya epoksi mikono miwili, ziba mishono, halafu ndiyo rangi ya chini ije. Ndani ya mbavu puliza nta au oili safi, mbali na breki.

Palipotoboka pakatwe hadi bati zima. Puti na faiba juu ya tundu la mbavu ni hatari, maana hiyo sehemu inabeba gari. Bati la bodi ni kama milimita 0.8, welding ya fimbo inalitoboa. Tafuta fundi mwenye mashine ya gesi ya CO2, na mchomoe nyaya za betri kwanza.

Paipu za breki zenye magamba hazikwanguliwi, zinabadilishwa. Kuunganisha kwa mpira na klipu ni kuua abiria kwenye mteremko.

Na wanaobeba chumvi ya Uvinza kwenye Probox: turubai chini ya magunia, na zulia linyanyuliwe kila baada ya safari.

Wauzaji, tunachotaka ni picha za mbavu, madigadi ya nyuma, beseni la spea, krosimemba na paipu za breki, zilizopigwa kabla ya kupuliza chochote. Mteja wa Kigoma asiyeonyeshwa hizo asitume hela Dar.