Uskoti: watoke Uingereza, wabaki, au waongezewe madaraka?

MwanaMeru (Arusha)
Wadau, jana kijiweni Sanawari tumebishana hadi chai ikapoa. Septemba 2014 Waskoti waliulizwa kama wajitenge, asilimia 55 wakakataa. Mwaka 2016 Uingereza nzima ikapiga kura kujitoa Umoja wa Ulaya. Uskoti asilimia 62 walitaka kubaki, wakatolewa hivyo hivyo. Mimi nasema watoke. Ndoa ya tangu 1707, na bado sauti yako inamezwa!

Mama Kihamba (Moshi)
Polepole mwanangu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 nilikuwa binti. Mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983. Shangazi yangu aliolewa Taveta, na kutoka kwetu Himo hapo ni pua na mdomo. Bibi alipofariki hakuweza kuja kuzika. Alipofika, masale tuliyopanda kaburini yalikuwa yamempita kimo. Aliyashika, akakaa chini, hakusema neno mpaka jioni.

Fundi Kaloleni
Pole sana mama. Ila kutoka si lazima kuwe vile. Wacheki na Waslovakia waliachana 1 Januari 1993 bila risasi hata moja. Mali nyingi waligawana mbili kwa moja kufuata idadi ya watu. Sarafu ya pamoja ndiyo iliwashinda, haikumaliza hata wiki sita. Sisi mali za Jumuiya tulikuja kuelewana 1984, miaka saba baadaye. Kwa hiyo hesabu kwanza, talaka baadaye.

MwanaMeru
Shikamoo mama, na pole. Lakini watahesabu saa ngapi? Novemba 2022 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema Bunge la Uskoti haliwezi kuitisha kura ya kujitenga bila ridhaa ya London. Mlango wenyewe umefungwa.

Mama Kihamba
Marahaba. Hilo ni kosa, mtu asizuiwe kuulizwa anataka nini. Ila bunge lao wanalo tangu 1999, na vijana wao wanasoma chuo kikuu bila ada wakati wenzao wa England wanalipa. Hayo madaraka yaongezwe, hata kodi. Wakitoka na kurudi Umoja wa Ulaya, kati yao na England panawekwa forodha, na England ndiko wanakouza zaidi. Nani atasimama kwenye foleni hiyo?

MwanaMeru
La forodha sina jibu, mama. Kura bado naidai, ila karatasi ya mpango wa mpaka iwekwe mezani kabla ya siku ya kupiga.